Jinsi ya kuwaandika ndege wa vuli, kuanzia Tengeru hadi Chekereni

Kwenye kitalu changu cha miche hapa Tengeru nina kaunta buku mbili. Moja ni ya madeni ya wateja. Ya pili, yenye jalada jekundu, ni ya ndege. Kila mwaka ukurasa mpya wa hii ya pili naufungua mwishoni mwa Agosti, mijakaranda ya Arusha mjini ikiwa bado haijatoa hata ua moja, kwa sababu kuna ndege mmoja anayewatangulia wenzake. Ni mdogo, wa kahawia, tumbo jeupe, anatembea ukingoni mwa ziwa Duluti huku akichezesha kiuno, juu chini, juu chini, hata akiwa amesimama. Wataalamu wanamwita Actitis hypoleucos. Huku hatagi. Anazaliana kando ya mito na maziwa ya Ulaya na Asia, na siku nikimwona juu ya jiwe lake najua msafara umeanza.

Neno vuli tunalitumia kwa mambo mawili. Vuli yetu ni mvua fupi, Oktoba hadi Desemba. Vuli ya Ulaya, ile tuliyofundishwa kwenye jiografia, ni majira ya majani kupukutika, kuanzia Septemba. Ndege hawa wanaikimbia ile na kuikuta hii: kule baridi inawamaliza wadudu, huku mvua inawatoa ardhini. Ninachotaka kukueleza ni namna ya kuwaona na kuwaandika ili mtu ambaye hakuwepo aweze kutumia ulichoandika. Hilo la pili ndilo gumu, na mimi nililijua kwa kupoteza.

Novemba moja kijana wa bodaboda wa Usa River alinipigia kuwa korongo wamejaa kwenye shamba lililolimwa. Nikaenda, nikawakuta, nikafurahi, nikarudi nikaandika: "Korongo wengi sana, asubuhi." Baada ya miaka miwili mtu anayekusanya taarifa za ndege akaniuliza: wangapi? Shamba la upande gani wa barabara? Na ni korongo gani? Maana msimu huo wanakuja wa aina mbili, na wanaweza kuchanganyika shamba moja. Yupo mweupe wa Ulaya, Ciconia ciconia, mwenye mdomo mwekundu na miguu myekundu. Yupo na Ciconia abdimii, mdogo kidogo, mgongo na shingo nyeusi, miguu ya kijivu yenye magoti mekundu, ambaye hatoki Ulaya kabisa. Anazaliana ukanda ulio kusini mwa Sahara na kushuka huku. Sikuwa na jibu hata moja. Ukurasa ule bado ninao na hauna kazi.

Kwa hiyo kila mstari wa daftari uwe na haya: tarehe pamoja na mwaka, mahali, saa, ndege gani, wangapi, walikuwa wanafanya nini, na umewatambuaje. Mahali usiandike "njia ya Moshi". Andika "majaruba ya Chekereni, upande wa kulia wa mfereji mkuu ukitokea barabarani". Ukiwa na simu yenye ramani, bonyeza uone namba za mahali ulipo, uzinakili. Tumia penseli. Asubuhi za Oktoba majani yana umande na wino wa kalamu unasambaa, penseli haijali maji.

Saa ina mtego wake kwetu sisi. Ukiandika "saa 1 asubuhi" kwenye daftari lako, ni sawa kabisa. Lakini ukiiingiza hivyo kwenye programu ya simu, itasomeka saa saba ya usiku, na mbayuwayu wako watakuwa wanaruka gizani. Saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 11 jioni ni 17:00. Mimi huandika zote mbili kando kwa kando, siku hiyohiyo, nisije nikasahau nilikuwa nahesabu kwa mtindo gani.

Vifaa ni vichache. Darubini yenye namba 8x42 inatosha sana; ya 10 inavuta karibu zaidi lakini mkono ukitetemeka na picha inatetemeka. Kama huna, usisubiri. Miaka yangu mitatu ya kwanza nilitumia macho tu, na ndege wa kwenye waya wa umeme hawahitaji darubini.

Tuanze na hao wa kwenye waya, mbayuwayu, kwa sababu ndio wanaoandikwa vibaya kuliko wote. Jina mbayuwayu linabeba ukoo mzima. Wengine ni wenyeji wetu, wanajenga chini ya mapaa mwaka wote. Wa Ulaya na Asia ni Hirundo rustica, na anaanza kuonekana kwa wingi kuanzia Septemba. Wengi wanaangalia mkia, wanatafuta zile ncha mbili ndefu. Usianzie mkiani. Makinda ya mwaka huo yana mkia mfupi, na wakubwa wanabadilisha manyoya wakiwa huku Afrika, kwa hiyo Novemba utamkuta mkubwa hana ncha hata moja. Anza kooni. Koo na paji la uso ni jekundu-kahawia, kama udongo wa Machame uliolowa. Chini ya koo kuna mkanda mweusi wenye mng'ao wa bluu, umekaa kama ukosi. Chini ya mkanda, tumbo jeupe au la rangi ya maziwa, safi, bila mistari. Mkanda na tumbo safi vikikaa pamoja, umempata. Ukiona tumbo lina mistari mistari ya penseli na kichwa ni chekundu, huyo ni mwenyeji. Ukiona koo jeupe bila mkanda na kofia nyekundu, naye ni mwenyeji. Makinda ya rustica yana koo lililofifia, lakini mkanda upo.

Wa pili kwa urahisi ni kindege wa njano anayetikisa mkia, Motacilla flava. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba anza kumtafuta miguuni mwa ng'ombe, na kwenye viwanja vya mpira vya shule asubuhi kabla watoto hawajaingia. Anafuata kwato kwa sababu kwato zinafumua wadudu. Mwenzake mweusi na mweupe anayetembea kwenye vibaraza na mapaa ya maduka tunaye mwaka mzima, usimwandike kama mgeni. Na ukiwaona madume ya njano, tazama kichwa: wapo wa kichwa cha kijivu, wa kichwa cheusi, na wa kichwa cha njano. Hizo ni jamii zinazotoka sehemu tofauti za Ulaya na Asia, zimekutana kwenye malisho yetu. Oktoba rangi zao bado zimefifia, zinang'aa kuanzia Februari, basi andika unachokiona tu.

Keremkerem wa Ulaya, Merops apiaster, utamsikia kabla hujamwona. Wanapita juu sana, sauti laini ya kuviringika kama filimbi yenye maji ndani. Ukiisikia Oktoba, inua macho, subiri. Mgongo ni wa kahawia na dhahabu, koo la njano.

Sasa kumbikumbi. Hapa naomba unisikilize, maana siku ya kumbikumbi ndiyo siku kubwa ya mwaka. Mvua ya kwanza ya nguvu ikinyesha Novemba, kesho yake jua likatoka, acha kazi saa 9 alasiri ukatafute kichuguu. Nyuma ya kitalu changu kipo kimoja chini ya mgrevilea. Mwaka juzi nilikuwa pale na watoto wa jirani wenye mabeseni. Tundu moja dogo, upana wa kidole gumba, likaanza kutoa kumbikumbi kama moshi. Kwanza wakashuka mbayuwayu. Halafu teleka, wale wenye mabawa kama mundu. Halafu nikasikia kimya, mbayuwayu wakasogea, na kwa juu wakaingia kozi. Walikuwa wadogo, wa kijivu cha mkaa, miguu ya rangi ya chungwa lililoiva, na kila mmoja alipogeuka, chini ya bawa kulionekana weupe kama kitambaa. Kozi wa Amur, Falco amurensis. Mmoja alipita karibu kiasi kwamba nilimwona akimshika kumbikumbi kwa mguu, akainamisha kichwa, akamla hewani bila kupunguza mwendo. Mabawa manne ya kumbikumbi yakadondoka yakizunguka hadi kwenye beseni la mtoto.

Kozi hawa wanazaliana Siberia na kaskazini ya China, kwenye bonde la mto Amur uliowapa jina. Wanashuka hadi India, kisha wanavuka Bahari ya Hindi bila kutua, zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji matupu. Mwaka 2012 habari na picha za maelfu yao wakinaswa kwa nyavu Nagaland, India, zilienea duniani, na mwaka uliofuata wanakijiji wenyewe waliacha kuwanasa. Kwa hiyo kozi niliowahesabu juu ya kichuguu changu walikuwa na watu wengine waliowaangalia njiani. Jike ni tofauti: kidari cheupe chenye madoa na mistari, rahisi kumkosea. Na yupo kozi mwingine mdogo mhamiaji, Falco naumanni, dume lake lina mgongo wa kahawia-nyekundu. Wote wawili wanapenda tambarare na wanaruka kwa makundi.

Kuhesabu kundi la namna hiyo usijaribu moja moja. Hesabu kumi kwa uhakika. Kariri ukubwa wa hao kumi angani. Kisha pima kundi zima kwa kipande hicho: kumi, ishirini, thelathini. Andika "kama 70" ukijua ni makadirio. Kama kundi linazunguka, hesabu mara mbili, uandike namba ndogo. Usiandike "wengi".

Mahali pa kwenda. Duluti ni jirani, kilomita kama 15 kutoka Arusha mjini, unazunguka kwa miguu ndani ya msitu. Nenda saa 12 na nusu asubuhi, hasa Jumamosi, kabla watu wa gulio na wageni hawajawa wengi. Maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Arusha yana maji ya magadi, na kuanzia Oktoba bata wa kaskazini huanza kuungana na wenyeji. Mtafute mwenye mdomo mpana kama sepetu, Spatula clypeata, akipepeta maji huku kichwa kimelala. Heroe utawaona pia, lakini hao si wa Ulaya. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanazaliana Natron. Beba kitambulisho getini ulipie kiingilio cha Mtanzania.

Upande wa Moshi mimi napenda Chekereni kuliko pote. Majaruba yaliyolowekwa kabla ya kupandikiza mpunga ni karamu ya ndege watembea matope: Tringa glareola mwenye mgongo wa madoa, anayeruka ghafla akipiga chi-chi-chi na kuonyesha kiuno cheupe, na Calidris pugnax, ambaye dume ni kubwa kuliko jike kiasi cha kukufanya udhani ni ndege wawili tofauti. Tembea juu ya tuta, usikanyage jaruba la mtu, na msalimie mwenye shamba kwanza. Bwawa la Nyumba ya Mungu, msitu wa Rau, vihamba vya Kibosho (mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba), pote hapo kuna kazi.

Tambarare za Engikaret, kwenye barabara ya Namanga, zinataka jicho lingine. Nyasi fupi, upepo, ng'ombe. Kaa utafute ndege anayesimama wima juu ya jiwe, kisha anaruka na kukuonyesha kiuno cheupe pe. Ni Oenanthe oenanthe. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya ndege wa aina hii waliofungwa vifaa vidogo vya kufuatilia safari huko Alaska, Marekani: walikuja Afrika Mashariki, kilomita kama 14,500 kwenda tu, ndege wa gramu 25. Uwanda huohuo ndiko anakoishi kipozamataza wa Beesley, ambaye makazi yake duniani ni kipande hiki cha nyasi kaskazini mwa Arusha. Kwa ajili yake, gari lisitoke kwenye njia iliyopo. Nimeona alama za matairi zikikata nyasi zile na roho iliniuma.

Wengine wanasafiri usiku. Ng'ambo ya mpaka, mashariki ya Kilimanjaro, kuna Ngulia katika Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 wataalamu huwakamata ndege wanaovutwa na taa za hoteli usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, wakawavika pete na kuwaachia. Mmoja wa wanaopita pale kwa wingi ni Acrocephalus palustris, kindege wa kahawia asiye na alama, anayejificha vichakani. Mtaalamu Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza madume yake Ubelgiji, na mwaka 1979 akachapisha kuwa kila moja linaiga kwa wastani spishi 76, zaidi ya nusu zikiwa za Afrika. Sauti za vichaka vyetu zinaimbwa mashambani Ubelgiji mwezi Juni! Nawe kama una taa za ulinzi nyumbani, asubuhi ya ukungu ya Novemba au Desemba kagua chini yake na kwenye ua kabla paka hajakagua.

Ukimkuta ndege amejigonga kioo, usimpe maji mdomoni. Oktoba nilimwokota mmoja chini ya dirisha la ofisi ya kitalu, Phylloscopus trochilus, kijani-njano, mstari mwembamba juu ya jicho, gramu 9 au 10 hivi. Kwenye kiganja sikuhisi uzito, nilihisi moyo tu. Nilimweka kwenye boksi la viatu lenye matundu, giza, mbali na jiko. Baada ya saa nzima nilifungua nje, akakaa ukingoni, akaondoka kuelekea kwenye miti ya kahawa. Ukimkuta ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, piga picha namba na anwani iliyoandikwa juu yake, andika mahali na tarehe, utume huko. Aliye hai mwenye pete, isome kwa darubini au picha, usiivue.

Peke yako hutaweza kuwa Chekereni na Engikaret asubuhi moja, kwa hiyo tafuta watu. Mimi nina kijana wa bodaboda Usa River, mzee mfugaji Engikaret, na dada analima mpunga Chekereni. Nawarushia salio kidogo, na kila Jumapili nawasomea walichonipa, wajue kimeandikwa. Lakini kuna namna ya kuwauliza. Ukimuuliza mtu, "Ni wale korongo weupe?" atakujibu "ndiyo mama" kwa heshima, hata kama hajaangalia. Uliza swali lisilo na jibu ndani yake.

"Shikamoo mama, ndege zako zimefika."

"Marahaba baba. Miguuni wakoje?"

"Ngoja nisogee... Myekundu yote mpaka kwenye vidole. Na mdomo."

Hapo naandika Ciconia ciconia, na mbele yake naandika kuwa aliyeona ni yeye, si mimi. Nilichoona na nilichoambiwa havikai mstari mmoja bila alama.

Vilevile andika siku ambayo hukuona. "Duluti, saa nzima, hakuna" ni taarifa kamili. Bila hizo, mtu hawezi kujua kama ndege alichelewa au wewe hukwenda.

Kisha zitoe daftarini. Programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell ni ya bure; chagua orodha kamili pale tu ulipoandika kila ndege uliyemtambua, siyo wale uliowapenda. Tanzania Bird Atlas wanakusanya kumbukumbu za nchi nzima tangu 1985. Nature Tanzania, mshirika hapa nchini wa BirdLife, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, nao ni watu wa kuwafuata. Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, tarehe nzuri ya kuanzia na wenzako, na Januari kuna sensa ya ndege wa majini.

Tahadhari mbili. Darubini karibu na kambi, kiwanja cha ndege au mtambo wowote inaleta maneno. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe kabla ya kuitoa begani. Na viota, hasa vya bundi na tai, usivitangaze mahali vilipo. Watoto wenye manati mimi nawapa penseli na karatasi, nawaambia wahesabu wa kwenye waya mpaka nirudi. Wawili kati yao sasa wananisahihisha.

Tarehe ya wa kwanza kufika ni rahisi kuipata, unaiandika palepale. Tarehe ya wa mwisho kuondoka huijui mpaka ipite. Kwa hiyo kuanzia Machi usiache kuandika hata siku moja, hata kama ni mstari mmoja. Zikipita siku kumi bila mbayuwayu wa mkanda, rudi nyuma kwenye mstari wenye ndege wa mwisho uuwekee alama. Msimu uliopita alama yangu iliangukia tarehe 11 Aprili: mbayuwayu 6, waya wa mbele ya kitalu, saa 12 na nusu asubuhi, 06:30, mvua ya manyunyu, wote wana ncha mbili ndefu mkiani.